Sijafagia Tangu Uondoke

Mama,

Shikamoo. Sijawahi kuanza kuongea na wewe bila shikamoo, na sitaanza leo, hata kama hakuna wa kuitikia.

Leo ni siku ya ishirini tangu uondoke. Chumba changu hapa Guangzhou kimejaa vumbi, na Rehema ninayeishi naye ananitazama tu, anadhani ni majonzi. Nimwambie nini? Kwamba kwetu msafiri akiondoka nyumba haifagiwi mpaka afike?

Unakumbuka safari yangu ya kwanza? Uliuliza ni mbali kiasi gani, nikakwambia kutoka Dar ni kilomita elfu nane na zaidi. Ukasema hizo hazikusaidii, wewe unajua Korogwe mpaka Handeni. Nikakwambia ni kama saa kumi na moja angani. Hapo ukatulia. "Haya, fika kwanza, ndipo nifagie."

Nikafika, sina laini ya simu, nikalala kama gogo. Nikaja kupiga siku ya tatu! Mtaa wetu wote wa Manundu ulishajua. Kuku wanaokota punje za wali sebuleni, jirani Mama Shabani anauliza kama unaumwa, na wewe ufagio umeuegemeza ukutani, hutaki mtu auguse. Hukunipa hata pole ya safari. "Halima, umeniaibisha kwa vumbi." Kisha ukaiweka simu chini bila kuikata, nikasikia ufagio. Nikausikiliza mpaka simu ikakatika yenyewe. Tangu siku ile nilikuwa napiga kabla sijachukua begi langu.

Ijumaa ile uliyofariki dada Zuhura alipiga akilia, asiweze kusema, mjomba akaichukua simu. Aliuliza neno moja tu: "Tukusubiri?"

Nikahesabu. Ndege ni ya kesho yake. Saa kumi na moja angani, halafu basi mpaka Korogwe, halafu Handeni ulikotaka kulazwa kando ya bibi. Na wewe hukupenda kabisa maiti icheleweshwe. Nikasema, "Mzikeni." Nilisema hivyo nimesimama ghalani kazini, katikati ya maboksi ya vyombo vya wateja, mimi, kitinda mimba wako. Nisamehe, Mama.

Niliporudi chumbani niliuona ufagio nyuma ya mlango, sikuugusa. Ulikuwa umeondoka, na mimi sikuwa na habari kama umefika. Najua ni ujinga. Lakini nimengoja simu yako siku zote hizi.

Jana ndipo Zuhura aliponisimulia asubuhi yako ya mwisho. Kumbe uliamka ukafagia nyumba nzima, mpaka uani, ukamwambia, "Wanangu wote wamefika walikokwenda. Leo nafagia kwa nafasi." Ukaenda kujilaza. Nimelia, Mama, ila kilio hiki kimenipa usingizi.

Basi na wewe umefika. Naamini umefika.

Nakuja kwenye arobaini. Zuhura nimeshamwagiza asifagie mpaka nipige, akaniambia hata nisingemwagiza asingefagia. Nikishuka Handeni nitaanzia kwako kabla ya kunywa hata maji, nikuamkie na kung'oa majani yaliyoota. Hiyo ni ahadi.

Pumzika, mama yangu. Kalamu naiweka chini, lakini barua siifungi bado. Naiacha wazi hapa mezani, usikie ufagio.

Halima