Binti Yangu Yuko Kwenye Bango la Juisi, na Meno Yake Yameng'olewa

Mpendwa Mshauri Selpher, naomba unisaidie kabla ya Ijumaa maana nyumbani kwetu Woodley hatusemezani. Mimi ni karani wa ofisi mjini, na binti yetu Mbithe yuko gredi ya kwanza. Mwaka jana kampuni moja ya juisi za pakiti ilikuja shuleni kwao na mtu aliyevaa nguo za sungura, wakacheza na watoto, wakawagawia juisi bure, wakalipenda tabasamu la Mbithe, wakaomba kumpiga picha, na mimi na baba yake, Musili, tukakubali kwa furaha, picha ikapandishwa kwa bango kubwa Barabara ya Ngong, hata kanisani watu wakawa wanatupongeza. Tangu hapo kampuni inatuletea juisi kwa katoni, na mtoto hataki kingine, ukimpa muthokoi wa mahindi yaliyokobolewa au ndengu anasukuma sahani akisema, "Mum, sungura hakuli hiyo," baba yake anacheka, na mimi nimechoka na kazi nampa juisi anyamaze. Uji akaacha, akaanza kuamka akilia jino, na juzi daktari akang'oa meno ya mbele yote yaliyooza, mimi nikiwa nimemshika mikono. Sasa kampuni inataka picha mpya, na jibu letu ifikapo Ijumaa. Nilipomwambia kijana wao wa matangazo, Fidel, kwamba mtoto hana meno, alinijibu, "Usijali, mama Mbithe, tutamwekea kwa kompyuta." Musili anasema tusimharibie mtoto bahati, na Mbithe mwenyewe anahesabu atavaa nguo gani. Nikikataa nitamvunja moyo, nikikubali sijui nitamwangaliaje. Nifanye nini?

Kavutha, Woodley

Kavutha, pole. Kumshikilia mtoto wako kwenye kiti cha daktari ni uchungu, na wewe umeubeba peke yako.

Lakini usiniambie hujui la kufanya. Fidel alisikia mtoto hana meno, wala hakuuliza yalikwenda wapi. Hapo ndipo ulipopata jibu. Ukikubali, watoto wa Dagoretti wanaopita barabara hiyo watatazama bango hilo na kuwalilia mama zao juisi ili wapate tabasamu ambalo mtoto wako mwenyewe hana.

Na usimlaumu sungura peke yake. Sungura hana ufunguo wa nyumba yako. Katoni mnazipokea ninyi. Zilizobaki zirudishe leo. Nyumbani yawe maji na maziwa, na uji usiojaa sukari. Atasusa, atanuna, atakuita mbaya. Usibembeleze wala usigombe. Muweke mezani mle pamoja, yeye na baba yake sahani moja ya ndengu.

Musili usibishane naye. Mwambie ziara ijayo ya daktari ni zamu yake kumshika mtoto mikono. Meno mengine yataota, Mungu huwapa watoto awamu ya pili. Ya tatu hakuna.

Ijumaa mpigie Fidel useme hapana, na umtake aishushe hata ile picha ya zamani. Akibembeleza, rudia hapana, ukate simu.

Kisha mketishe Mbithe umwambie ukweli: hakuna picha tena, kwa sababu juisi ile imemuumiza, na mama hatakubali aumizwe. Atalia sana. Mwache alie, mfute machozi, halafu mpakulie chakula.