Mstari wa Nne wa Chaki

Bethel Fork, North Carolina
Jumatatu, 4 Aprili 1983

Kwa Kaka Garland,

Leo ni tarehe nne Aprili, na kabla sijaandika neno jingine lolote nimejiapia kwamba nitakueleza kila kitu, hata vile ambavyo Mama angesema havifai kuandikwa. Hujambo? Mgongo wako unaendeleaje? Sisi hatujambo. Mama ni mzima, ingawa ameunguza mkate wa mahindi mara mbili wiki hii, nawe unajua kwamba Mama haunguzi. Mfupa wa bega la Baba umeunga, ila akiinua mkono juu hukunja uso na kudhani hatumwoni.

Habari kubwa ni kwamba Baba anarudi mashindanoni. Ni Jumamosi ya tarehe 23, mbio za magari za kufungua msimu, mizunguko mia mbili. Ijumaa ni majaribio, Jumamosi mchana ni kugombea nafasi za kuanzia, na saa moja na nusu jioni ni mbio zenyewe.

Tangu ajiandikishe, nyumba haikaliki. Springi za mbele amezibadilisha mara tatu, na mara ya tatu alirudisha zilezile za kwanza. Analiweka gari kwenye mizani, anahamisha vyuma vya uzito kutoka upande huu hadi ule, anaguna, anaanza upya. Jana, Pasaka yenyewe, mchungaji alikuwa katikati ya maombi nikaona mguu wa kulia wa Baba unakanyaga sakafu polepole, unaachia, kisha unakanyaga tena. Nilihesabu. Alikwenda mizunguko saba kabla ya amina.

Mjomba Purvis amekuja kumsaidia. Siku ya kwanza aliingia karakana na mfuko wa karanga za maganda, mkosi mkubwa kwa dereva yeyote wa mbio.

"Purvis! Unakula nini?"

"Kifungua kinywa."

"Karanga kwenye karakana yangu, wiki tatu kabla ya mbio? Unataka kunizika?"

"Shemeji, ni karanga tu."

"Wote waliosema ni karanga tu nimeona magari yao yakivutwa kwa mnyororo. Toka! Na maganda yako uyaokote, moja moja!"

Mjomba akaokota, Mama akafagia, na Baba akafagia tena baada ya Mama.

Lakini kuna jambo lisilochekesha. Nati za magurudumu hamwachii mtu. Mjomba akikaza, Baba anakuja nyuma yake na spana, anakaza zote tano upya, gurudumu baada ya gurudumu, halafu anarudi kwenye lile la kwanza. Wala haruhusu tena mtu kupiga mstari wa chaki kwenye tairi kuonyesha kwamba gurudumu limekazwa. Chaki zote za karakana amezitupa. Jumamosi alikaza nati zilezile mara sita, akaketi juu ya ndoo, akasema, "Garland angekuwa amemaliza kitambo." Kisha akaniona. "Hujasikia kitu," akasema.

Nilisikia. Spana yako bado imening'inia kwenye msumari wake na hakuna anayeigusa. Kaka, njoo tarehe 23. Hata kama hutasema na mtu, njoo tu.

Mdogo wako,
Twyla


Macon, Georgia
9 Aprili 1983

Kwa mdogo wangu Twyla,

Salamu nyingi kwako na kwa Mama. Mimi ni mzima, mgongo unauma nikiinama tu, na kazi yangu yote ni kuinama. Niliwasomea wenzangu wa karakana ya mbio hapa habari za karanga za Mjomba. Hakuna aliyecheka. Mmoja alisema angemfukuza kwa nyundo.

Lakini sitakuja. Ulikuwepo Septemba, ulisikia mwenyewe. Nilikaza magurudumu matatu, nikapiga mistari mitatu. Mkaguzi akaniita nikatie karatasi sahihi. Narudi, nakuta gari limeshatoka kwenda kwenye foleni, na kwa mbali naona gurudumu la mbele kulia nalo lina chaki. Nikajua mzee amemalizia mwenyewe. Mzunguko wa kumi na moja gurudumu hilohilo likang'oka, naye akaingia ukutani. Nilimwambia nilipiga mitatu. Akiwa kwenye machela, uwanja mzima umesimama, akasema, "Chaki ilijipiga yenyewe? Mwongo mkubwa wewe!" Hayo ndiyo maneno ya mwisho niliyoyasikia kwake.

Nitakwambia jambo ambalo sijamwambia mtu. Siku hizi nikikaza gurudumu, namwita mwenzangu aje alikague. Nafikiri labda mstari ule niliupiga mimi na kichwa changu kikaufuta. Mtu asiyeiamini mikono yake hawezi kukaa kwenye kazi hii. Kuna timu ya California inanitaka kwa miaka miwili, kuchomelea vyuma tu. Magurudumu watashika wengine. Nasaini Jumatatu ya tarehe 25.

Mwangalizie Baba tairi la nyuma kulia. Ukizungusha futi ya tepu, lizidi la kushoto kwa inchi mbili ili gari likunje kona za kushoto, si zaidi. Likizidi hapo gari litakata kushoto kwa pupa, na bega lake halitalizuia. Usiseme nimesema mimi.

Kaka yako,
Garland


Bethel Fork
Jumatano, 13 Aprili 1983

Kwa Kaka Garland,

Hujambo? Sisi hatujambo, isipokuwa mimi.

Niliapa kukueleza kila kitu, na nikaacha kimoja. Barua hii nimeianza mara tano. Mwalimu Haskew hutufundisha kwamba jambo gumu liandikwe kwa sentensi fupi. Basi.

Mikono yako haina kosa. Mstari wa nne niliupiga mimi.

Ulipoitwa na mkaguzi, nilikuwa nimekaa juu ya tairi la akiba. Chaki uliiacha sakafuni. Nililizunguka gari nikaona magurudumu matatu yana mstari na moja halina. Nilidhani umekaza ukasahau chaki tu. Nati sikuzigusa. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, na nilipenda vitu vilingane. Nilipiga mstari mnyoofu, nikaurudia uwe mnene kama ya kwako, na nikajisifu moyoni kwamba nimekusaidia. Baba akaja, akalizunguka gari akihesabu kwa kidole, "Moja, mbili, tatu, nne," akanigusa pua kwa kidole hichohicho, akaingia garini kupitia dirishani, kama madereva wote wa mbio.

Ulipokuwa unaitwa mwongo, mimi nilikuwa nyuma ya Mama na chaki iko mfukoni mwangu. Nilifungua mdomo. King'ora cha gari la wagonjwa kikaanza kulia, nikaufunga. Nimeufunga miezi saba.

Mwanzoni niliogopa kuadhibiwa. Halafu nikawa nasema nitasema kesho. Halafu wewe ukaondoka, na kila kesho ikawa ngumu kuliko ile ya jana. Sikujua kwamba umeanza kujishuku. Ningejua hilo, nadhani ningesema. Nataka kuamini ningesema. Sasa nikiketi nataka kusimama, nikisimama nataka kukimbia. Mwalimu akigusa chaki ubaoni, nainamia daftari langu.

Tairi la nyuma nimelipima. Lilizidi kwa inchi mbili na robo tatu. Nilimwambia Baba, akaniangalia sana.

"Mbili ndiyo sawa? Nani kakwambia?"

"Nimesoma, Baba."

Ni kweli, nilisoma kwenye barua yako. Amebadilisha tairi.

Usisaini, Kaka. Nichukie kwanza, halafu usisaini.

Mdogo wako,
Twyla


Macon
Jumamosi, 16 Aprili 1983

Twyla, mdogo wangu,

Natumaini u mzima. Nilipomaliza kusoma barua yako nilitoka nikatembea mpaka kiatu kikanichubua. Sikuchukii. Jana nilikaza magurudumu manne bila kumwita mtu, kisha nikaketi sakafuni nikalia kama mjinga. Wenzangu walidhani ni mgongo.

Lakini elewa jambo moja. Wewe ulikuwa mtoto mwenye chaki. Yeye ni baba yangu, na aliiamini chaki kuliko mimi. Hilo huwezi kunitengenezea wewe. Karatasi za California bado ziko mezani.

Je, yeye umemwambia? Kama bado, mwambie, wala si kwa ajili yangu. Anakaza nati mara sita kwa sababu hajui ni nini kilimpata. Mtu akiingia kwenye kona na swali kama hilo kichwani, ataumia tena.

Kaka yako,
Garland


Bethel Fork
Jumanne, 19 Aprili 1983

Kwa Kaka Garland,

Hujambo, Kaka? Kiatu kimepona? Sisi hatujambo, na safari hii nami nimo.

Barua yako ilifika jana. Nilikwenda karakana kabla sijaweka vitabu chini. Baba alikuwa chini ya gari, inaonekana miguu yake tu, na ule wa kulia unatikisika kama kawaida. Basi niliiambia miguu. Nilisema kwa sentensi fupi. Mguu ukaacha kutikisika.

"Rudia," akasema.

Nikarudia.

"Alisema alipiga mitatu."

"Ndiyo, Baba."

"Na mimi nikamwita nani?"

"Mwongo mkubwa."

"Mbele ya nani?"

"Mbele ya watu wote."

Nikasikia anasukuma beseni la mafuta kando. Kisha akatoka. Hakunipiga wala hakunigombeza. Alisema, "Wewe ulikosea kwa chaki, mimi kwa mdomo. Wewe umeshasema. Zamu yangu." Halafu akaniambia nikanawe uso.

Mama alimletea karatasi na kalamu. "Mwandikie mwanao, Vernon."

"Sikumwita mwongo kwa barua, Opal."

Akampigia simu msimamizi wa uwanja. Jumamosi, kwenye mkutano wa madereva, mchungaji akishamaliza kuombea mbio, Baba atasimama mbele ya watu walewale aseme alivyokukosea. Atasema ukiwepo au usipokuwepo. Mjomba akamwambia watamcheka.

"Wacheke. Nikishinda huwa wananizomea, nimezoea."

Kisha akaishusha spana yako kwenye msumari, akaifuta, akaiweka kwenye kiti cha dereva. "Magurudumu matatu nitakaza mimi," akasema. "La mbele kulia lina mwenyewe. Asipokuja, gari halishuki kwenye jeki, hata kwa majaribio ya Ijumaa."

"Shemeji, majira yote ya baridi umefanya kazi, na mizunguko mia mbili inakungoja, uache yote kwa ajili ya nati tano?"

"Purvis, nati tano ndizo zilizoniweka ukutani. Kale karanga zako nje."

Tangu jana hajakaza kitu mara mbili. Asubuhi alikula mayai na nyama, akaomba aongezewe. Sasa asiyetulia ni mimi. Nimekwenda kwenye sanduku la barua mara nne leo, ingawa najua tarishi hupita mara moja.

Chaki ile ya Septemba ninayo. Nilikuwa nimeificha ndani ya soksi. Nilimpa Baba, akaigeuza mkononi, akanirudishia. "Si yangu," akasema, "wala si yako." Kwa hiyo nimeizungushia pamba na kuitia ndani ya bahasha hii. Ikikufikia imevunjika, usijali, kipande chochote kitatosha mstari mmoja.

Barua hii utaipata Alhamisi. Ukijibu siku hiyohiyo, jibu litanifikia Jumamosi asubuhi, nami nitakuwa nimesimama kando ya sanduku tangu saa mbili. Andika hata neno moja, au usiandike, uje mwenyewe kabla ya tarishi. Ila nijulishe, Kaka, maana gari litakuwa limeinuliwa na Baba hatalishusha: utakuja kupiga mstari wa nne?

Mdogo wako akupendaye,
Twyla