Mama Anakuja Nyuma

Mpendwa Mama,

Nimechoka. Naanza hivyo kwa sababu wewe hukupenda mtu anayezungukazunguka kabla ya kusema shida yake. Leo ni Jumapili, watoto wamebaki kanisani na kwaya yao, nami nimekaa hapa barazani kwako Busia, miguu yangu ndani ya beseni la maji ya chumvi. Najua barua hii huwezi kuisoma. Hata ulipokuwa hai ulikuwa unashika bahasha juu chini, unaigeuzageuza, halafu unaniuliza, "Huyu naye anataka nini?" Leo anayetaka ni mimi.

Unakumbuka siku niliyokuambia nimepata kazi ya bima? Mwanao Wandera, mume wangu, alikuwa ameshatuacha. Alikuwa karani wa reli pale Tororo, na kumbe alijiandikisha bima ya maisha bila kutuambia. Pesa ile ndiyo iliyoiezeka nyumba hii mabati. Nilipokwenda kuichukua, meneja wa kampuni aliona nasoma vizuri na naongea Kiswahili, Kisamia, na Kidhopadhola cha kutosha kuomba njia. Akasema, nenda ukawaeleze watu yaliyokupata, wataamini mjane kuliko sisi wenye tai. Uhuru ulikuwa bado mpya, na kila mtu alikuwa anajaribu jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Wewe ulikuwa unapepeta mtama, wala hukuinua kichwa.

"Kwa hiyo utauza kifo," ukasema.

"Siuzi kifo, Mama. Nauza pesa za wanaobaki."

"Wanunuzi ni wanaume?"

"Wengi ni wanaume."

"Unawafuata majumbani?"

"Majumbani."

Ukapepeta tena, ukapuliza makapi. "Basi tutakwenda wawili."

Nilidhani unanitania. Asubuhi yake nikakukuta mlangoni umevaa gomesi yako ya kanisani, mwavuli mkononi, kiko na tumbaku vimefungwa kwenye mshipi, unanikemea kwamba basi la Tororo litatuacha.

Mama, kazi hii ina jambo moja baya ambalo meneja hakunieleza, labda kwa sababu yeye ni mwanaume na halimhusu. Mwanaume hapendi kuzungumza kifo chake mbele ya mkewe. Anaona akitaja jina la mke kwenye karatasi, mke ataanza kumtazama kwa jicho jingine, na akiugua hata tumbo tu, ndugu zake watamuuliza mke amempikia nini. Kwa hiyo siku ya bima anamtuma mke shambani, watoto anawatuma mtoni, anafunga mlango, ndipo anasema, "Haya, sema." Wengi hawana nia mbaya, wanaona haya tu. Lakini ukiwa ndani, huwezi kujua mlango huo umefungwa na mtu mwenye haya au na yule mwingine.

Wewe uliligundua hilo kwenye nyumba ya kwanza kabisa. Ulikataa kiti. Ukakaa kizingitini, nusu ndani nusu nje, ukanyoosha miguu ili mlango usiweze kufungika. Kisha ukatoa kiko chako na kusema kwa sauti ya mtu asiyesikia vizuri, "Baba, nisaidie kaa la moto kutoka jikoni."

Tangu hapo, nyumba yenye mwanamke, kaa lilikuja juu ya kigae, na aliyelileta alikuwa mwanamke. "Mulembe, mama," akakusalimu, nawe ukamshika mkono, ukaanza kumuuliza habari za watoto, mahindi na mvua, hata akasahau alikuwa ameambiwa akae mbali. Mimi nikaongea na mume kwa raha. Lakini mwenye nyumba akisema, "Moto hakuna, mama, chukua kiberiti," ulikuwa unainuka hapohapo. "Twende, Mama Okumu, goti limeanza."

Siku moja njiani nilikucheka. "Mama, kiberiti si unacho hapo kwenye mshipi?"

"Ninacho," ukasema. "Yule bwana ndiye hana mtu jikoni."

Ulinichekesha sana, Mama, na sidhani nilikuambia. Kule Tiira, yule mchimba dhahabu aliyesema mama mzee apumzike kivulini, yeye anipeleke nikaone shimo lake, eti ndilo dhamana yake. Ukasimama ukajifuta vumbi. "Hata mimi sijawahi kuona dhahabu," ukasema, ukatangulia. Tulifika shimoni watu watatu, akatuonyesha maji machafu, na njia nzima ya kurudi alitutangulia kwa mbali.

Kisha ukaugua homa, na homa ile haikuondoka. Watu walikuja kukuzika kutoka pande zote mbili za mpaka, na mimi ndiye mkaza mwana, kwa hiyo mimi ndiye niliyehesabu sahani, nikagawa nyama, nikatafutia wageni mikeka. Nililia pale mkaza mwana anapotakiwa kulia, kisha nikakimbia kuangalia kama maharage yanaungua. Matanga yalipokwisha nilirudi kazini, kwa maana ada ya shule haingoji.

Mlango wangu wa kwanza bila wewe ulikuwa Malaba, kwa mfanyakazi wa reli. Alichungulia nyuma yangu akauliza, "Leo uko peke yako?" Naapa, Mama, mdomo ulijibu kabla yangu. "Niko na mama. Anakuja nyuma, goti linamsumbua." Akatazama barabarani, akauacha mlango wazi.

Ndivyo ulivyorudi kazini. Kwa miaka kama miwili ulikuwa unakuja nyuma yangu. Malaba ulikuwa umepumzika chini ya mti, Sop Sop ulikuwa umekutana na rafiki yako njiani, sokoni Busia ulikuwa unanunua samaki. Mimi naongea bima huku nageuka kutazama njia, na mwenye nyumba naye anageuka. Nilinunua tumbaku nikaiweka kwenye mkoba ili harufu yako iwepo. Ilifika mahali nikawa nakukasirikia kweli, natembea juani nikinung'unika, mama huyu naye, kwa nini hafiki? Na hapa nyumbani nilikuwa napita kando ya kaburi lako pale migombani bila kuligeukia. Ningeligeukiaje, na wewe uko njiani unakuja?

Inachosha, Mama. Hakuna anayejua inavyochosha kuuza neno moja kwa mdomo na kulinda mwili kwa macho, nyumba baada ya nyumba, mwaka baada ya mwaka. Wenzangu wanaume wanaingia, wanavua kofia, wanakunywa chai. Mimi naingia nikitafuta ni mlango upi uko karibu zaidi.

Sasa nikuambie ya Mulanda.

Kuna bwana mmoja mnunuzi wa pamba kule, mwenye nyumba ya matofali na lori. Meneja alikuwa amenionya kwamba huyo nisimpoteze, kwamba nikimkosa, eneo langu lote atapewa mtu mwingine. Bwana mwenyewe akatuma neno nije mchana. Nilitembea kutoka senta ya maduka kwenye jua kali, na nilipofika niliona jikoni hakutoki moshi. Niliona, Mama. Ningekuwa nawe tungegeuka palepale. Lakini nilifikiria watoto, nikafikiria meneja, nikaingia.

Alinipokea kwa heshima zote, akanipa kiti, kisha akaenda kuusukuma mlango.

"Uache wazi kidogo, mzee," nikasema. "Mama anakuja nyuma."

"Mama gani?"

"Mama mkwe wangu. Goti linamsumbua."

Akacheka, si kwa ubaya hata, kama mtu aliyemkamata mtoto akidanganya. "Ile mama ya Wandera? Mimi nalikuja kwa matanga yake huko Busia. Nalikula nyama. Hiyo ng'ombe ilikuwa nyeusi. Sasa mama gani nakuja?"

 Nilikuwa nimesahau kwamba huku kwetu watu wanazikana, kwamba aliyekula msibani kwako anajua vizuri nani hatembei tena. Akausukuma mlango ukafunga. Akaja akanishika kifundo cha mkono, bila haraka, kama anachukua kitu alichokiacha hapo. "Hapa hakuna mtu," akasema. "Kaa."

Kelele za kuomba msaada nilijua faida yake. Mwanamke akipiga kelele ndani ya nyumba, majirani wanasema ni mambo ya mke na mume, wanangoja kidogo wasikie. Lakini sikufikiria hayo wakati ule, ningesema uongo nikidai nilifikiria. Nilijikuta tu napiga nduru ya msiba. "Mama weee! Mama amekufa! Mama ameniacha, weee!"

Kilio cha msiba hakuna anayekingoja. Walitoka kwenye pamba na majembe yao, wakatoka visimani, mzee mmoja akatupa baiskeli uani, mlango ukasukumwa kutoka nje. Bwana yule alikuwa ameshaniachia. Walinikuta sakafuni nikilia, na nilijaribu kunyamaza nikashindwa.

"Nani amekufa?"

"Mama."

"Lini?"

Nikazidi kulia. Hawakuuliza tena. Mama mmoja akafungua kitenge chake akanifunga kiunoni, akakaa sakafuni karibu nami, akaanza kulia kwa Kidhopadhola, na wengine wakamwitikia. Nilikulilia, Mama. Mchana ule, katika nyumba ya mtu yule, ndipo nilipokulilia, bila sahani za kuhesabu wala maharage ya kuangalia. Nililia hadi sauti ikakauka. Na bwana wa pamba akasimama pembeni ya sebule yake, kofia mkononi, akipokea pole za majirani. Angefanya nini?

Yule mama wa kitenge alinisindikiza hadi barabarani. Tukaiacha nyumba ile mbali.

"Mama yako hakufa leo," akasema.

"Hapana."

"Najua. Na hiyo nyumba sisi tunajua." Akanikaza kitenge kiunoni. "Wewe si ya kwanza. Lakini hao wengine nalilia polepole, sisi hatukusikia."

Kitenge nilitaka kumrudishia akakataa.

Meneja alinikaripia kwamba nimemwekea mteja mkubwa matanga nyumbani kwake. Nikamwambia yote, waziwazi, mbele ya wenzangu wanaume. Hakunitazama. Akasema ndiyo maana walisita kuajiri wanawake. Inaniuma mpaka leo, kwa sababu Mulanda alipewa mwanaume, bwana yule akaandikishwa bima bila shida, na nasikia Jumapili bado anakaa benchi la mbele kanisani.

Lakini kwa jambo moja sikurudi nyuma. Nilimwambia meneja kwamba kuanzia siku hiyo nakwenda na Nyafwono, binti aliyeajiriwa juzijuzi, au siendi kabisa. Akasema basi mtagawana kamisheni ya mtu mmoja. Nikasema tutagawana. Alidhani nitalegea. Sasa napata nusu. Watoto wanakula muhogo zaidi kuliko zamani, na Okumu ananiuliza sukari imekwenda wapi. Nimempunguzia hata daftari. Sijui tutafika mwisho wa mwaka vipi, nakwambia ukweli. Ila nikiingia kwa mtu nakaa kwenye kiti kizima, siyo ukingoni.

Nyafwono ni mwepesi, anakula miwa njia nzima, na mdomo wake hauogopi mtu. Wiki iliyopita, tukipumzika kando ya barabara ya Tororo, aliniuliza bila kuzunguka. Alikuwa amesikia kwa watu kwamba nina mama mkwe ambaye huwa anakuja nyuma.

"Leo atatukuta wapi?" akauliza.

Nilifungua mdomo kusema umechelewa njiani. Nikaufunga.

Leo asubuhi, kabla ya kanisa, nilikwenda migombani nikang'oa majani kwenye kaburi lako. Yalikuwa yamepanda hadi magotini. Nilifanya kazi hiyo polepole, na nilipomaliza nilikaa kidogo chini, kisha nikaenda kunawa.

Nimekutembeza sana, Mama. Nimekutembeza kwenye matope na kwenye jua, ukiwa umekwisha kupumzika, na hukulalamika hata mara moja. Sasa imetosha. Kaa chini, vua viatu. Wakiniuliza uko wapi, nitawaambia umekufa.

Mkaza mwanao,
Mama Okumu