Chumba cha Mluzi

Nyumba Na. 18,
Nyuma ya Kiwanda cha Vigae,
S.L.P. 417.
9 Machi

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Natanguliza salamu zangu za heshima, nikitaraji kuwa goti lako limeacha kukusumbua na kwamba Mkazamjomba amepata nafuu ya kikohozi. Sisi tu wazima wa mwili. Saa uliyonitengenezea kwa ajili ya mahafali yangu inakwenda barabara. Huivaa kila niendapo kwenye usaili, ingawa hadi leo hakuna ofisi iliyoniita mara ya pili.

Mjomba, nakuandikia kwa jambo zito, nami naomba uvumilie nilieleze kwa mpangilio.

Bila shaka unakikumbuka kile kisanduku kilichochomekwa nyuma ya televisheni yetu, kinachovuta filamu kutoka mtandaoni. Kaka yangu, Mluzi, ndiye aliyekifunga kabla hajagombana na Baba na kuondoka. Miaka miwili sasa simu yake haipatikani, na Baba alikataza jina lake lisitajwe. Ukikiwasha kisanduku, kinauliza nani anatazama, kisha kinaonyesha picha tano, moja kwa kila mtumiaji. Humu ndani tunaziita vyumba. Bibi ana chumba cha mahubiri, Baba cha mpira, Dada cha tamthilia, mimi cha masomo. Cha tano kilikuwa cha Mluzi. Mama hakutaka chumba. Alisema macho yake yamechoka.

Mwenye neno la siri huweza kutazama hata kwa simu akiwa popote, ila kisanduku hicho huruhusu watu wawili tu kwa wakati mmoja; wa tatu hufungiwa nje. Mwezi uliopita aliyefungiwa alikuwa Bibi, karibu kila mchana. "Nani tena kanikalia mahubiri yangu?" alikuwa akilalamika, na kila mtu akimshuku mwenzake.

Kwa kuwa nimesomea utawala, niliona hapo ndipo pa kudhihirisha faida ya elimu yangu. Nikaandaa ratiba na kuibandika ukutani. Dada akaisoma, akacheka. "Mheshimiwa, na choo umekipangia zamu, au tuendelee kubanana?" Sikumjali. Nikapekua kumbukumbu za kisanduku, nikakuta simu moja nisiyoijua ikitazama kila siku saa saba mchana. Nikaiandika daftarini: "Mtumiaji asiyeruhusiwa." Nikaifungia, nikabadilisha neno la siri, na chumba cha tano, nilichokiona hakina mwenyewe, nikakifuta ili nafasi apewe mume wa Dada. Sikukifungua hata kuchungulia ndani.

Mezani nikatoa taarifa kamili. Mama alikuwa zamu, anakofua nguo za hospitali. Baba akanipongeza. "Sasa nyumba ina mwenyewe," alisema.

Asubuhi iliyofuata Mama alifagia sebule, akawasha televisheni kama ilivyo desturi yake. Sote tulidhani huwa anaipangusa vumbi tu. Nikasikia akiniita. "Mziwanda, hebu njoo. Chumba cha kaka yako kiko wapi?" Nikamweleza nilivyopanga mambo, tena kwa fahari. Akaketi sakafuni, ufagio bado mkononi.

Ndipo alipotueleza. Kila filamu mtu aliyoiacha katikati huwekewa mstari mwekundu unaoonyesha alipofikia. Kwa miaka miwili Mama amekuwa akikifungua chumba kile kila asubuhi na kuutazama mstari huo. Ukiwa umesogea, basi mwanawe yu hai, na jana mchana alipata mahali pa kukaa. Mwaka jana ulisimama siku kumi na moja. Ndizo siku zile alizolala akisema kichwa kinamuuma. Hakumwambia yeyote, akichelea Baba asije akakifunga.

"Nilikuwa namwogopa baba yenu," alisema. "Kumbe wa kuogopwa ni wewe."

Sina la kujitetea, Mjomba. Kuuliza si ujinga, nami sikuuliza. Baba akaniuliza kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, "Kwani kikifutwa, hakirudi?"

Daftari nililoliandika kwa kujisifu ndilo pekee tulilobaki nalo. Humo nilinakili pia eneo ilipokuwa ile simu: ni mji wako, Mjomba. Kaka yangu amekuwa akipita mitaa yako. Tafadhali ulizia kwenye majengo yanayojengwa, maana ufundi wake ni umeme. Ana kovu la pasi kidevuni, na hupiga mluzi kabla ya kuingia popote. Nawe kibandani kwako huletewa saa na watu wa kila namna. Mmoja wao huenda anamjua.

Nimekifungua upya chumba chake, ingawa ni kitupu, simu ile nimeifungulia, na neno la siri nimelirudisha lile lile alilolichagua mwenyewe. Leo ni siku ya tisa, na hakuna mstari uliotokea. Mama huwasha kabla ya kwenda zamu, na Baba husimama nyuma yake na kikombe cha chai, haketi.

Ukimpata, usimsihi arudi. Mama amesema nilikazie hilo. Mwambie tu kwamba neno la siri halijabadilika, na atazame chochote, hata kwa dakika moja.

Nifikishie salamu kwa Mkazamjomba na kwa binamu yangu mshonaji. Bibi anakusalimu, mahubiri yake hayakatiki tena, naye ameacha kuyasikiliza. Mwenyezi Mungu ayalinde macho yako ya kazi, nayo yamwone kabla ya yetu.

Mpwa wako akupendaye,
Mziwanda