Mnara wa Mwimbi Ulipozimika

Sumbawanga, 4 Novemba 2024

Baba mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristo, na shikamoo. Mimi mzima. Masikio yako hayasikilizani na simu, ndiyo maana naandika na kumpa kondakta wa basi.

Kazi yangu hapa kampuni ya simu ni kutafuta mahali wahalifu wa mtandaoni wanapoweza kupenya. Nimepaona. Mitambo ya minara yetu bado ina nywila ileile ya kiwandani, na programu zake hazijasasishwa tangu ifungwe. Mtu akiwa mbali anaweza kuingia akazima simu za vijiji vyote. Nilimwomba meneja Wiliam tuzime minara kwa zamu nirekebishe. Akacheka: "Nani atahangaika na sisi na mahindi yetu?"

Nataka kulifikisha jambo hili kwa wakubwa wake. Unasemaje? Na dada Zita na mimba yake?

Mwanao,
Avelina

Mwimbi, 15 Novemba

Mwanangu,

Milele amina. Marahaba. Tunapanda. Zita amekuwa mzito, miguu imevimba. Nesi kasema akiona damu tu, mumewe Nestory apige simu, gari la wagonjwa lije.

Meneja usimruke. Ajira yako bado changa. Umeshasema, inatosha.

Baba yako

Mwimbi, 9 Desemba

Avelina,

Zita hatunaye. Juzi simu zilikuwa zimekufa tangu asubuhi. Damu ilipoanza Nestory alipiga, akapiga tena, akakimbilia kilimani akiinua simu juu. Mwishowe tukampakia Zita kwenye pikipiki, shangazi yako amemshika kwa nyuma. Alifia njiani, na mtoto tumboni. Tumewazika jana. Simu bado zimekufa, hatukuwa na njia ya kukuita.

Watu wanasema mnara ulipigwa na radi. Ni kweli?

Baba yako

Sumbawanga, 13 Desemba

Baba,

Shikamoo. Barua yako niliisomea stendi, nikakaa chini palepale, watu wakanizunguka.

Haikuwa radi. Kuna watu waliingia kupitia palepale nilipomwonyesha Wiliam, wakazima minara kuanzia Namanyere hadi huko Mwimbi. Mimi nilikuwa ofisini nahangaika kuiwasha, sijui kama Zita anakufa.

Wiliam ametukusanya: "Tunasema ni radi. Atakayesema vingine atafute kazi pengine." Nikamwambia dada yangu amekufa. Akainama kidogo. "Pole sana, Avelina. Lakini ni radi."

Nataka kumwandikia shemeji Nestory ukweli. Nimeanza mara mbili, nikaichana karatasi.

Mwanao,
Avelina

Mwimbi, 20 Desemba

Mwanangu,

Marahaba. Tupo, ingawa chakula hakipiti.

Nestory ameamini radi. Anasema Mungu ndiye aliyemzibia njia, na kanisani hakanyagi tena. Jana padri alikuja kumwona, Nestory akamfukuza.

Usimwandikie. Panda basi uje umwambie mwenyewe kwamba ni watu, na kwamba meneja wako alionywa. Mwambie pia kwamba ulitaka kwenda mbele, nikakuzuia mimi. Nitakaa katikati yenu, maana sijui kwa hasira atamshika nani kwanza, mimi au wewe.

Baba yako