Tawi Lililoshuka Polepole

Mpendwa Tata, baba yangu,

Mama mmoja anayeuza samaki wa chumvi anapanda treni kesho kwenda Kamina. Huko ana ndugu atakayeifikisha barua hii kwako Mwene-Ditu. Amesema nisijaze kurasa nyingi, maana ataifungia ndani ya kitenge chake. Nina jambo moja la kukuambia, Tata, lakini siwezi kulianza kabla ya kukukumbuka kazini.

Nakuona kwenye barabara ya mijakaranda, karibu na nyumba za wahandisi, siku za likizo uliponiruhusu kukufuata. Nilidhani anayepanda juu ya miti kuipunguza matawi ni mtu wa nguvu. Kumbe wewe ulikuwa mtu wa subira. Ulirusha kwanza uzi mwembamba wenye kifuko cha mchanga, ukaikosa panda ya matawi mara tatu, ukacheka, na mara ya nne uzi ukapita. Uzi ukavuta kamba nene. Kisha ukachukua kikamba kifupi, ukakizungusha mara tatu juu ya kamba kubwa, ukanionyesha kwamba uzito ukiingia fundo linashika, na ukilisukuma kwa mkono linateleza. Nilitaka uanze kupanda. Wewe uliketi kwenye mkanda wako mpana wa kupandia, hatua moja tu juu ya ardhi, ukajirusharusha.

“Tata Kapinga, weko nacheza?” wapita njia walikuuliza.

“Kama ni kuanguka,” ukawajibu, “nianguke hapa, karibu na biatu byangu.”

Nakumbuka pia ile miiba ya chuma ya kufunga miguuni. Siku moja kapita, msimamizi wenu, alitaka uivae ili umalize haraka. Ulimsalimia vizuri, ukaiacha mfukoni, ukapanda kwa kamba. Jioni uliniambia kwamba miiba ni ya mti unaokwenda kukatwa. “Muti wenye utabakia, usiutoboe.” Wakati ule sikujua kama kuna watu wazima wengi wanaofikiria maumivu ya mti. Sasa najua ni wachache.

Na Jumamosi, kwenye ngazi ya mlango wetu, kamba ilipita kutoka mikono yako kuja mikono yangu, kipande kwa kipande, tukitafuta mahali palipochakaa. Ulinifumbisha macho. Ulisema vidole vinaona vizuri kushinda macho, na ulisema kweli.

Kisha kazi ya kampuni ya mgodi ikaanza kufa. Mishahara ikakoma, duka la wafanyakazi likabaki na rafu tupu, na watu uliosalimiana nao miaka yote wakaanza kusema kwamba Wakasai, watu wenye asili ya Kasai, warudi kwao, kana kwamba wewe hukuzaliwa hapa Kolwezi. Mdogo wangu alikuwa na surua, na Mama hakuthubutu kumpandisha kwenye mabehewa yale yaliyojaa watu. Ulikwenda Mwene-Ditu peke yako. Kwenye stesheni nilikuona ukipandisha mizigo ya bibi za watu wengine juu ya behewa, ukiifunga moja moja kwa mafundo yako mazuri, bila haraka, huku wengine wote wakisukumana. Nililia, lakini pia nilijivuna.

Mfuko wako wa kazi uliniachia mimi. Jina lako hatukuweza kulibeba wazi. Tulipohamia kwa Noko Banza, kaka yake Mama, Mama aliniandikisha shule mpya kwa jina la Noko. “Ni juu ya masomo yako,” alisema. “Kapinga ni jina ya nyumbani. Inje, funga kinywa.” Nilitii. Shule nyingine mtaani zilikuwa zimerudisha watoto wa Wakasai nyumbani, na hakuna aliyeuliza habari zao. Mwaka mzima niliitika Banza.

Wiki mbili zilizopita mvua ya kwanza ilikuja na upepo. Tawi kubwa la mkaratusi wa shule likapasuka bila kuanguka, likabaki limening'inia juu ya paa la darasa letu. Zamani kampuni ingekutuma wewe. Sasa karakana ya kampuni ni tupu, na Mama Direktrisi, mkuu wa shule, alituhamishia barazani, madarasa matatu pamoja. Ndipo Noko akasema atapanda yeye. Noko aliendesha mashine za mgodi; hakuwa amepanda mti tangu utoto wake. Nikatoa mfuko chini ya kitanda, nikaipitisha kamba yote vidoleni, na siku tatu nikamfundisha nyuma ya nyumba. Nilipomrudisha tena kuketi hatua moja juu ya ardhi, alikasirika.

“Weye ni mubaya kushinda kapita wa mugodi!”

Lakini aliketi.

Jumamosi alipanda bila miiba, kwa sababu mkaratusi utabaki. Kabla ya kutoa msumeno alijifunga pia kwa mkanda mfupi unaozunguka shina, ili kamba moja ikikatwa kwa bahati mbaya, kitu kingine kimshike. Akalifunga tawi kwa kamba ya pili, akaipitisha kwenye panda ya juu zaidi, akaishusha kwetu. Chini walikuwa wanaume wanne, wazazi wa wanafunzi. Waliishika mikononi, wakajipanga mmoja nyuma ya mwingine kama watu wa kuvuta gari lililokwama.

Hilo ndilo kosa, Tata, unalijua. Tawi lile lilikuwa zito kuliko wote wanne. Kamba ingewachuna viganja, wangeiachia, na paa lingekwisha.

“Batata,” nikawaambia akina baba hao, “kamba izunguke kwanza shina. Mara tatu.”

“Tazama mutoto wa masomo anafundisha bakubwa!” mmoja akasema. Mwingine, mrefu mwenye kofia ya mgodini, akainama kuniangalia. “Na ile tawi, weye utaishika na mikono gani?”

“Hapana mikono, tata. Muti njo utashika. Mi nitalegeza tu.”

Wakacheka. Noko akapaza sauti kutoka juu: “Mumupatie mutoto kamba! Mi sikate mpaka eye njo ataishika!”

Wakaniachia. Nikaizungusha shina mara tatu, chini karibu na ardhi, nikarudi nyuma kama ulivyonifundisha, miguu mbali na kamba. Msumeno ukalia, tawi likavunjika, kamba ikakaza mpaka gome likatoa sauti. Mikononi mwangu ilikuja nguvu ndogo tu, kama ya mbuzi anayevuta. Nikalegeza kidogo, nikasimamisha, nikalegeza. Tawi likapita pembeni ya paa na kushuka mpaka majanini. Halikukwaruza hata bati moja.

Watu walipiga makofi. Yule mrefu hakupiga. Alikuwa akitazama ile mizunguko mitatu.

“Hii nilishaiona,” alisema. “Hapa Kolwezi mutu moya tu alikuwa nafanya vile. Ule Mukasai wa miti.” Akanigeukia. “Nani alikufundisha?”

Mama Direktrisi alikuwa amesimama karibu, akisikia. Jibu nililokuwa nalo tayari lilikuwa Noko. Mama alinizoesha kulisema kwa kila swali. Lilifika mpaka mdomoni. Lakini niliona kwamba nikilisema, nitakuwa nimekufukuza mimi pia, tena siku ambayo kazi yako imeokoa darasa.

“Tata yangu,” nikasema. “Ule Mukasai wa miti njo tata yangu. Mi ni Kapinga.”

Yule mtu alivua kofia, akaivaa tena, akaenda kukusanya matawi. Mama Direktrisi akarudi ofisini kwake. Nyumbani Mama alinisikiliza huku akimwosha Noko mikwaruzo ya mikono. “Umesema,” aliniambia. “Basi. Imesemwa.” Jumapili nzima tulingoja mtu aje kutuambia nisirudi shuleni. Hakuja mtu.

Jumatatu tuliingia tena darasani. Mwalimu alifungua orodha. Akaita majina ya A. Akaita wasichana wawili wa B, na jina la Banza hakuliita. Alipofika D nilikwisha kufunga daftari langu, nikaanza kuingiza vitabu mfukoni polepole, nisionekane na wengine. Nilifikiria njia gani nipite kurudi, ili Mama asinione mapema.

“Kapinga,” mwalimu akaita.

Sikuitika. Tata, mwaka ni mrefu. Akaita mara ya pili, akanitazama, nami nikasimama. Nyuma msichana mmoja alinong'ona, na mwenzangu wa dawati alisogea mbali kidogo. Mwalimu akaita jina lililofuata.

Sijui kama utarudi hapa, wala kama sisi tutakufuata huko. Noko ameombwa kukata mkaratusi mwingine karibu na kanisa, na ameniambia hapandi bila mimi. Mdogo wangu amepona, anakimbia. Ukipata karatasi, Tata, tujibu. Barua usiitume kwa Noko tena kwa jina la Banza. Itume shuleni, na juu ya bahasha uandike jina langu lote.

Mtoto wako wa kwanza,
Kapinga