Papa, Maman Amerithi Kiungulia Chako

Papa,

Wewe umepumzika huko, sisi huku umetuachia kiungulia. Mungu akurehemu, lakini leo nakuandikia kwa hasira, na utanisikiliza maana huwezi tena kuongeza sauti ya redio.

Maman ameshika mwenendo wako wote. Tangu tukuzike anakaa kwenye kiti chako, anakula sambaza, vile visamaki vya ziwani, za kukaanga na ile pilipili yako ya kutoa machozi, anashushia chai kali, kisha huyo kitandani, chali, hata bugali haujashuka. Na zamani ndiye aliyekuwa anakugombeza kwa hayo hayo. Asubuhi koo linamwaka, sauti imemkauka, wateja wake wa vitenge hapa Kamembe wanadhani ana mafua. Nikimwambia ale mapema, ale kidogo, akae wima kwanza, anasema batoto ba siku hizi bamesoma sana.

Na ile habari ya kitanda, Papa, mpaka leo inanichosha. Muuguzi alikueleza vizuri: weka matofali chini ya kitanda upande wa kichwa, asidi ya tumbo isipande kooni. Ukaweka. Karibu na Ramadhani mwalimu wa madrasa akaja kukujulia hali, akaona unalala miguu inaelekea Kibla, akakuonya kwa adabu. Chumba ni kidogo, kitanda hakigeuki. Wewe ukafanya nini? Ukahamisha mto tu upande wa pili, matofali ukayaacha palepale. Mwezi mzima ukawa unafuturu, unashiba, unalala kichwa bondeni na miguu mlimani, halafu unamlaumu muuguzi wa watu. Nilipogundua nilicheka mpaka mbavu zikaniuma. Wewe hukucheka.

Asubuhi ile ya mwisho sipendi kuikumbuka. Kifua kilikubana, jasho likakutoka, mkono wa kushoto ukawa mzito. Ukasema, "Ni kiungulia tu." Ukaomba maziwa. Hakikuwa kiungulia, Papa, ulikuwa moyo. Dokta alisema maumivu ya namna ile muntu hayatulizi kwa maziwa, anakimbilia hospitali. Sisi tulifika tumeshachelewa.

Sasa Maman naye. Chakula kinamkwama kifuani, amekonda, gauni la Idi linampwaya. Dokta anataka kumpitishia mpira wenye kamera aangalie ndani, maana chakula kikianza kukwama hivyo si jambo la kuvumilia. Amekataa. Eti ni kiungulia tu. Maneno yako yale yale, Papa, na mkono kifuani kama wewe. Nilitamani kupiga ukuta.

Jana nikamuuliza kwa ukali kama anataka tumzike na yeye. Akakunja kitenge ambacho kilikuwa kimeshakunjwa. Kisha akasema, "Hiki kiungulia ndicho nimebaki nacho cha baba yako. Kikipona, nabaki na nini?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa kila ubishi, huo sikuutegemea. Nikamwambia, "Unabaki na mimi, Maman." Nikalia kama mtoto, naye akanigombeza kwamba ninalowesha vitenge vya kuuza.

Kesho tunakwenda hospitali. Amekubali shingo upande, na ameshaanza kulalamika kwamba ataenda bila kula, kama dokta alivyoagiza. Lala salama, Papa. Wewe hukunipa nafasi ya kukuwahisha. Huyu nitamfikisha, hata akinisema njia nzima.

Mwanao,
Zaina